Tupeane uzoefu: bunduki mpya dukani, kasoro shambani

Mkulima wa Naipanga:
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye silaha za leseni tu. Kama huna, soma upite, usije inboksi kuniuliza zinapatikana wapi.

Mimi niko Nachingwea, nina mikorosho na ekari tatu za mihogo bondeni. Nguruwe pori wamenila misimu miwili mfululizo. Anayewajua anajua: hawali shina moja wakaondoka, wanafukua tuta zima, asubuhi unakuta mihogo imeng'atwa nusu na kuachwa. Afisa wanyamapori akanipa maelekezo, nikaamua kufuata utaratibu. Kijiji, kata, polisi wilaya, mkoa, alama za vidole. Barua zangu zilikaa kwenye meza za watu mpaka mikorosho ikatoa maua, maua yakawa korosho, korosho zikaingia mnadani. Kibali kilipotoka nikapanda basi kwenda Dar, nikanunua shotgani ya mitutu miwili, mpya, iko kwenye boksi lake na karatasi ya mafuta.

Dukani niliifungua, nikaifunga, ikalia "kah" safi, nikalipa. Ukaguzi wangu wote ndio huo. Nilinunua bunduki kama mtu anavyochagua fenesi, kwa kuligonga.

Usiku wa kwanza shambani mtutu wa kulia ukalia vizuri (nguruwe akaenda zake mzima, nikasingizia giza). Wa kushoto: "tk". Nikasubiri, nikafungua, nikamulika risasi kwa tochi. Fataki (kile kitufe cha kitako cha risasi kinachogongwa na pini ya bunduki) ya ile ya kulia ilikuwa na shimo la maana, kama umebonyeza tonge la ugali kwa kidole gumba. Ya kushoto ilikuwa na kidoti tu, kama mbu kapita. Tangu hapo, kila risasi kumi wa kushoto unagoma mara nne, tano.

Nikapiga simu dukani. "Mzee, hiyo umeshaitumia, siyo mpya tena." Na hapo ndipo palipo na shida yenyewe. Simu ikiwa mbovu unairudisha, unapewa nyingine. Bunduki namba yake imeandikwa kwenye leseni yako. Ukipewa nyingine, hiyo ni silaha nyingine, na safari ya mafaili inaanza upya.

Tupeane uzoefu. Ulikuta nini, na iliishaje? Msitaje duka wala jina la mtu.

Mngindo Halisi:
Mkuu hiyo ulinunua kwa kangomba, kama korosho za magendo 😂 umepimiwa kwenye bakuli. Naweka kigoda hapa nawasubiri wazee.

Dada wa Ghalani:
Habari zenu kaka zangu. Mimi nasimamia walinzi kwenye ghala la korosho huku Masasi. Msimu uliopita tuliletewa shotgani nne mpya za pampu, zile za kuvuta nyuma na kusukuma mbele kila risasi, aina moja, namba zimefuatana. Ungedhani mapacha.

Ya kwanza haina neno mpaka leo. Ya pili ilikuwa inang'ang'ania maganda: mlinzi anavuta nyuma, ganda linabaki kwenye chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Fundi alipoitazama akanionyesha ukuta wa chemba una mikwaruzo ya keekee, haukusuguliwa ukalainika. Ya tatu skrubu ya kitako ilijilegeza yenyewe, kila zamu mbili tunaikaza kwa sarafu ya shilingi mia. Hizo ni kero tu.

Ya nne ndiyo iliyoninyima usingizi. Kabla ya kugawa silaha huwa nazikagua zikiwa tupu, nilifundishwa mgambo. Chemba tupu, magazini tupu, mdomo wa mtutu kwenye ndoo ya mchanga. Unaweka kitufe cha usalama, kile kinachofunga triga, unavuta triga: kimya. Sawa. Unatoa kidole kabisa. Kisha unaondoa usalama. Hapo hakitakiwi kutokea kitu, maana hakuna aliyegusa triga. Ile ikapiga "tak" yenyewe. Nikarudia. Tak. Nikamwita mlinzi mkuu naye arudie, nisije nikaambiwa ni mambo ya wanawake. Tak.

Sasa mfikirie kijana ana usingizi, saa nane usiku, kasikia kishindo, anaondoa usalama huku mwenzake yuko mbele yake na tochi.

Meneja akasema, "Lakini ni mpya." Nikamjibu, "Na kaburi nalo lingekuwa jipya." Ikafungiwa, ikaandikiwa barua, ikarudi kwa muuzaji kupitia polisi. Tuliipata tena minada imeshaisha. Mpaka leo naijaribu mara mbili kuliko wenzake, na walinzi wanaikwepa kama zamu ya Idi.

Kijana wa Shangani:
Mie niko Mtwara mjini, nyumba inatazama bahari. Shotgani yangu haikumaliza mwezi ikaota kutu rangi ya chai ya rangi kuanzia mdomo wa mtutu hadi katikati. Weusi wa kiwandani umepakwa mwembamba mno, ukiifuta kwa kitambaa cheupe kinatoka na wekundu. Hii ni kasoro ya kiwanda, msinibishie.

Mstaafu wa Pori:
Mwanangu, Shangani hata kitasa cha mlango kinaota kutu. Unaihifadhi wapi?

Kijana wa Shangani:
Shikamoo mzee. Kwenye mfuko wake wenye sponji, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, kama sheria inavyotaka.

Mstaafu wa Pori:
Marahaba. Sanduku ni sahihi. Sponji ndiyo inayokunywa hewa ya bahari na kuilaza kwenye chuma usiku kucha. Itoe humo.

Kijana wa Shangani:
Lakini mzee, bunduki ya marehemu baba ilikuwa na umri kunizidi, na ilikaa nyumba hii hii!

Mstaafu wa Pori:
Baba yako alikuwa anaifuta.

Mngindo Halisi:
😂😂😂 Uzi ufungwe.

Dogo wa Ruangwa:
Shikamooni wakubwa. Hiki ni kisa cha mjomba wangu. Alinunua pampu mpya, karatasi yake imeandikwa inabeba risasi nne kwenye magazini. Kaingiza moja, ya pili, ya tatu inagoma. Kasukuma mpaka kidole gumba kikachubuka. Kijiji kizima kikaambiwa mjomba kauziwa bunduki nusu. Alikuwa tayari amekata tiketi ya kurudi Dar, ndipo askari mmoja akamwambia humo ndani kuna kijiti cha plastiki. Kimewekwa makusudi kiwandani.

Mstaafu wa Pori:
Kweli kabisa. Ni kizuizi cha wawindaji wa ndege. Marekani tangu 1935 mwenye kuwinda bata na ndege wengine wahamao haruhusiwi kuwa na zaidi ya risasi tatu kwenye bunduki, mbili magazini na moja chemba, basi viwanda vingi vinasafirisha shotgani zikiwa tayari na kijiti hicho. Mjomba wako kidogo angesafiri hadi Dar kwa ajili ya sheria ya bata.

Sasa niseme na wengine, maana nimefanya kazi ya wanyamapori miaka mingi na nimepokea silaha mpya kwenye masanduku zaidi ya mara moja.

Pindua bunduki yako, tazama chini ya mtutu karibu na chemba. Utaona alama ndogondogo zimegongwa: taji, herufi, tarakimu. Wengi mnadhani ni mapambo ya fundi. Ni mihuri ya nyumba ya majaribio. Nchi nyingi za Ulaya bunduki haiingii sokoni mpaka ipigwe risasi yenye msukumo uliozidi wa kawaida. Isipopata dhara, inagongwa muhuri. Birmingham, Uingereza, wana nyumba yao ya kazi hiyo tangu 1813. Mwaka 1914 ikaanzishwa tume ya nchi mbalimbali pale Liège, Ubelgiji, inaitwa C.I.P., na wanachama wake wanatambua mihuri ya wenzao. Hapo hapo utaona pia 12/70 au 12/76. Hiyo 70 au 76 ni urefu wa chemba kwa milimita. Risasi ya 76 usiiweke kwenye chemba ya 70 hata kama inaingia. Na itaingia, ndiyo hatari yake.

Lakini msikilizeni vizuri muhuri unachosema. Unasema mtutu umestahimili msukumo. Hausemi kama triga ni salama, kama skrubu zimekazwa, wala kama mitutu miwili inatazama mahali pamoja. Hayo kayatazama mkaguzi wa kiwandani, mwenye foleni ya bunduki mezani na saa ya chakula inakaribia.

Wala msidhani jina kubwa linakukinga. Mwaka 2014 Remington, jina lililokuwepo tangu 1816, waliwataka wateja warudishe raifo za Model 700 na Model Seven zenye triga ya aina moja, zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 hadi Aprili 2014, kwa kuwa zingeweza kufyatuka bila kukusudiwa. Chanzo walichokitaja wenyewe ni gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha triga. Gundi! Miaka karibu minane. Na kule Marekani ile tume ya usalama wa bidhaa za walaji haina mamlaka juu ya bunduki, ikirudishwa ni kwa hiari ya kiwanda.

Ndugu yangu wa Naipanga, swali moja. Ulitoa grisi ya kiwandani?

Mkulima wa Naipanga:
Shikamoo mzee. Nilifuta mtutu kwa nje na ndani, ukang'aa.

Mstaafu wa Pori:
Mtutu sikuulizi. Silaha inavuka bahari ikiwa imepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu, na hayo mafuta hayachagui pa kuingia. Yakijaa kwenye njia ya pini, pini inatembea kama mtu kwenye tope la mpunga, ikifika kwenye fataki imeshachoka. Peleka kwa fundi mwenye leseni. Usiifungue mwenyewe kwa bisibisi ya redio. Akimaliza, nenda uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, simamisha katoni kubwa, chora msalaba katikati, rudi mita 35. Piga mtutu mmoja kwa katoni moja, kisha tazama marisau, vile vipira vidogo vya ndani ya risasi, yamelala wapi. Watu wanamiliki bunduki miaka kumi hawajawahi kuiuliza swali hilo.

Kilwa Masoko:
Naongezea ya risasi, maana mnazungumzia bunduki tu. Boksi jipya la 25, nimelifungua siku hiyo. Ya sita badala ya "paa" ikatoa "pfuu", kama mtu anapuliza makaa. Bega halikusikia kitu. Mimi mkono ulishaenda kukoki nipige tena, mwenzangu akanishika kiwiko hadi pakauma. Tukaacha mtutu umeelekea kwenye kichuguu, tukahesabu nusu dakika, tukatoa ganda, tukahakikisha tupu, tukachungulia kutokea nyuma. Giza. Kizibo cha plastiki na marisau yake vimekwama katikati ya mtutu.

Ningepiga ya saba, mtutu ungevimba kama chatu aliyemeza mbuzi, au ungefunguka kabisa mbele ya mkono wangu wa kushoto. Kule kiwandani baruti ilipungua kwenye kiganda kimoja, basi. Boksi lote nililirudisha pamoja na namba ya toleo iliyopigwa ubavuni, nikapewa jingine bila ubishi. Ndiyo nafuu ya risasi: haina leseni yenye jina lake.

Dada wa Ghalani:
Kaka, huyo mwenzako mnunulie ng'ombe.

Kilwa Masoko:
Nilimnunulia pweza. Alikubali.

Mkulima wa Naipanga:
Wakuu, MREJESHO.

Nilikwenda kwa fundi. Kaivua upande wa kushoto mbele yangu, kaichomoa pini, kaipaka kwenye gazeti. Likabaki doa la kahawia zito kama asali ya msituni iliyokaa mwaka. Akasafisha, akaingiza risasi bandia za mazoezi, ikapiga. Nimerudi na boksi zima uwanjani, kushoto haujagoma hata mara moja. Mzee, shikamoo tena. Yule wa dukani nilimtolea maneno mazito kwenye simu, na kwa hili la grisi nimempigia kumwomba radhi.

Ila subirini. Nikasimamisha katoni kama mzee alivyosema. Mtutu wa kushoto, ule niliokuwa nautukana, marisau yamekaa juu ya msalaba kama yamemwagwa kwa kikombe. Wa kulia, ule niliokuwa nauamini, umepiga juu na pembeni, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Nikarudia kwa katoni tatu, akapiga na fundi. Pale pale. Kumbe yule nguruwe wa usiku wa kwanza hakuokolewa na giza.

Fundi anasema mitutu imeunganishwa vibaya kiwandani, hilo halisafishwi wala halipigwi nyundo, ni la aliyeitengeneza. Kwa hiyo nimempigia tena yule niliyemwomba radhi. Safari hii hajasema "umeshaitumia", amenyamaza kwanza, kisha akasema nilete. Barua ya polisi ya kusafiri nayo nimeipata, katoni tatu nimezikunja nimezifunga kwa kamba ya katani, ndizo ushahidi wangu. Naondoka Alhamisi.

Mngindo Halisi:
Na nguruwe?

Mkulima wa Naipanga:
Wapo. Jana wamemaliza tuta la mwisho upande wa mtoni.