Tupeane uzoefu: kabureta ya kuaminika kwa gari la zamani mliipata wapi?

Mkulima wa Karatu
Ndugu zangu, nina Land Rover Series III ya petroli, yenye injini ya sentimita za ujazo 2,286, niliyoachiwa na marehemu baba. Kabureta yake (kifaa cha kuchanganyia petroli na hewa), Zenith 36 IV, inavuja kwenye kifuniko, na injini haitulii gari likiwa limesimama. Mafundi watatu wamenipa majibu matatu: mmoja ananitaka ninunue Weber 34 ICH mpya, wa pili ananiambia nitafute Zenith kuukuu, na wa tatu yuko tayari kunifungia ya Toyota kesho asubuhi. Mliokwisha kupita njia hii, naomba mtueleze mlinunua nini na ilidumu kiasi gani.

Bwana Shamba, Mbozi
Mimi nilifunga Weber, na huu ni mwaka wa sita. Inakuja na kipande cha kuiunganishia kwenye manifoldi, yaani bomba la kuingizia mchanganyiko kwenye injini, na inakula mafuta kidogo kuliko Zenith. Kwenye mlima mrefu wenye mzigo, hata hivyo, nguvu inapungua waziwazi, kwa sababu koo lake la kupitishia hewa ni dogo. Jeti yake (kitundu kinachopimia petroli) ya mwendo wa taratibu huziba upesi kwa vumbi letu, lakini unaifungua kwa bisibisi ukiwa barabarani, unaipuliza na kuendelea na safari.

Dereva Mstaafu, Iringa
Nimesoma swali hili mikono ikanitetemeka. Nami niliambiwa ninunue mpya. Nikaenda Dar es Salaam, nikazunguka Kariakoo na Gerezani siku mbili, nikapata kabureta iliyong'aa ndani ya sanduku lenye jina kubwa, kwa bei iliyokuwa nusu ya ile niliyoitarajia. Wakati huo niliona nimebahatika.

Tulikuwa tunapanda Kitonga, mke wangu kando yangu na watoto wawili nyuma pamoja na magunia ya vitunguu. Nilisikia harufu ya petroli tangu Ruaha Mbuyuni, nikajiambia ni lori lililo mbele. Katikati ya mlima injini ikakohoa, na moshi ukatoka pembeni mwa boneti. Wenye Land Rover hizi mnajua kwamba kabureta imekaa juu ya manifoldi ya ekzosi, ile ya kutolea moshi, kwa hiyo kila tone linalomwagika linaangukia kwenye chuma cha moto. Nilizima swichi, nikawatoa watoto kwanza, na nilipogeuka moto ulikuwa umeshika nyaya. Dereva wa lori alisimama akaja na mtungi wake wa kuzimia moto, nasi tukamalizia kwa mchanga wa kando ya barabara. Sikulijua jina lake, ila namwombea mpaka leo.

Fundi alipoifungua kabureta ile tulikuta chembe ya chuma, ndogo kama punje ya uwele, imekaa kati ya sindano ya floti, ile inayofunga mafuta chemba yake ikijaa, na kiti chake. Sindano haikuweza kufunga, pampu ikaendelea kusukuma mafuta, na chemba ikafurika.

Mama Garimoshi, Tabora
Pole sana, kaka. Tunamshukuru Mungu watoto walitoka salama.

Kijana wa Ilala
Samahani, mzee, lakini hilo si kosa la kabureta. Ungefunga filta, chembe isingefika huko.

Dereva Mstaafu, Iringa
Filta ilikuwepo, mwanangu, na ilikuwa mpya. Chembe ile ilibaki ndani ya kabureta yenyewe tangu ilipotengenezwa. Filta inazuia kinachotoka kwenye tangi tu.

Fundi Mstaafu, Moshi
Mkulima, usinunue chochote kwanza. Zenith hii ina ugonjwa unaojulikana: kifuniko kinapinda, mara nyingi kwa sababu ya watu wanaokaza skrubu kwa hasira. Kifungue, kikandamize juu ya kipande cha kioo, utaona kinacheza. Weka msasa laini juu ya kioo hicho, ukisugue kwa mduara mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Kisha tazama pete ndogo ya mpira iliyo kati ya kifuniko na kipande kinachobeba jeti; ikiwa imebapa au imekatika, injini inavuta mafuta yasiyopimwa na haitatulia kamwe. Kinachoua kabureta kweli ni ekseli ya kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) kulegea ndani ya tundu lake. Itikise kwa vidole: ikicheza, hewa inaingia pembeni, na hapo ndipo utafute mwili mwingine wa kabureta.

Na nawasihi wote: msimruhusu mtu kuchokonoa jeti kwa waya. Namba iliyoandikwa juu yake ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 125 ni milimita 1.25. Waya ukipita mara tatu, namba hiyo imekuwa uongo.

Peugeot 504, Nakuru
Kwa heshima, mzee, si kila mtu ana subira hiyo. Pikapu yangu ya 504, mojawapo ya zile zilizounganishwa Mombasa, nimeifungia kabureta ya Toyota niliyoipata Kirinyaga Road, na inabeba viazi kila wiki.

Fundi Mstaafu, Moshi
Inabeba, nakubali. Ila nieleze rangi ya plagi zako.

Peugeot 504, Nakuru
Nyeusi kidogo.

Mwenye Beetle, Nairobi
Weusi huo, dalili ya mafuta mengi, unaweza kuwa wa mwinuko. Huku juu hewa ni nyepesi, na jeti iliyopimwa kwa ajili ya pwani inamwaga mafuta kupita kiasi. Nilipohama na Beetle yangu kutoka Mombasa nilipunguza jeti kuu, ikapona.

Bwana Shamba, Mbozi
Mimi niko juu pia na sijawahi kugusa jeti.

Mkulima wa Karatu
Shikamoo, mzee wa Moshi. Nimefungua leo asubuhi. Kifuniko kinacheza juu ya kioo kiasi cha kupitisha karatasi upande wa mbele, na pete ya mpira imetoka vipande viwili, vigumu kama ukucha. Ekseli ya kipepeo haichezi hata kidogo. Nimeanza kusugua. Anayejua duka la Arusha lenye pete hizo, anielekeze.