Mrejesho: Okidi yangu ya Kisumu iliyokuwa ikioza mizizi

Habari zenu. Mtakumbuka niliuliza namna ya kuiokoa Ansellia africana yangu, ile okidi ya maua ya manjano yenye madoa ya kahawia. Niliuziwa ikiwa imeshindiliwa udongo mweusi kwenye sufuria, majani yakaanza kuwa ya manjano na mashina kulegea. Asanteni sana mliojibu, hasa yule aliyesisitiza kwamba mmea huu kwao ni juu ya mti, si ardhini.

Niliitoa udongoni, nikakata mizizi yote laini iliyooza kwa kisu kilichopitishwa motoni, nikapaka mdalasini wa unga kwenye vidonda. Kisha nikaipanda kwenye kikapu cha waya chenye vipande vya makaa na maganda ya mti, nikakitundika chini ya mwembe upande wa mashariki, ipate jua la asubuhi tu. Namwagilia mizizi ikishakuwa myeupe kabisa. Ikiwa bado kijani, naiacha.

Mashina mawili ya zamani hayakupona. Makumbi ya nazi nayo niliyajaribu pembeni mwa kikapu, lakini mvua za masika zilipokolea hayakukauka, nikayatoa. Pengine kwa wenzetu wa sehemu kavu yanafaa.

Mashina yaliyobaki yametoa chipukizi, pamoja na ile mizizi myembamba inayoelekea juu, ambayo porini hunasa majani makavu na kujipatia mbolea. Mama mkwe ameshanionya nisiyafagie majani hayo! Maua bado. Jua likianza kukaza nitapunguza maji, kama mlivyoshauri.