Mjadala: Kuweka tapi (kusukuma pesa zako zote mezani kwenye poka) ni hesabu ao ni kamari?

Mwalimu wa Kampemba
Wandugu, vijana wa kartie, mtaa wetu, wameomba sali, ule ukumbi, wafanye jioni za poka ya karata, kuingia faranga 10,000 (FC) kwa mtu. Wakubwa wamegawanyika: hawa wanaita kamari, wale wanaita hesabu. Mimi niko upande wa hesabu, ila Jumamosi nimeona kitu. Kijana ameshika kopa mbili, mezani kuna kopa mbili, anangoja ya tano ili zote tano ziwe kopa. Imebaki karata moja tu kufunuliwa. Katikati kuna 40,000, mwenzake anaongeza 40,000, na kijana amebakiwa na 40,000 kamili. Anaweka tapi! Eti "niko na 36 kwa mia". Wapi! Kopa zilizobaki ni 9, karata asizoziona ni 46: hiyo haifiki hata 20 kwa mia. Ile ya kuzidisha 9 kwa 4 ni ya wakati karata mbili bado hazijatoka. Ikibaki moja unazidisha kwa 2. Kutoa 40,000 ili uchukue meza ya 120,000 kunadai nafasi moja kati ya tatu. Yeye alikuwa na moja kati ya tano. Lakini watu wa Kenya ndivyo walivyo, damu inatangulia kichwa. Tuwape sali ao tuwanyime?

Mwana Kenya
"Watu wa Kenya ndivyo walivyo." Mwalimu, rudia tena tusikie vizuri. Mi nimezaliwa Kenya, nimekomalia Kenya, na hesabu nimeisoma mpaka chuo kikuu, Unilu. Halafu huyo mtoto hata haiko wa Kenya. Eko wa Katuba.

Mama wa Katuba
Ah bon? Sasa ni zamu ya Katuba?

Msafiri wa Nairobi
Samahani jamani, nimepita tu. Sisi Wakenya tumekosa nini huku?

Mwana Kenya
Kaka, tulia. Si inchi yenu. Kenya ni komini, sehemu ya mji, hapa Lubumbashi.

Msafiri wa Nairobi
Mna Kenya ndani ya Kongo na hamkutuambia?

Kunguru wa Kamalondo
Turudi kwenye poka. Mwalimu, hesabu zako tamu, ila bahati ndiyo bibi wa nyumba. Kulikuwa na yule mzee wa Marekani, Brunson, alichukua ubingwa wa dunia wa poka miaka miwili mfululizo, na mkono wa mwisho, zile karata alizoshika, ulikuwa 10 na 2 mara zote mbili. 10 na 2! Uchafu huo ungemwambia autupe.

Etidia wa Poli
Ni kweli, 1976 na 1977. Lakini papa, unakumbuka mikono miwili. Mingapi alitupa kabla ya hiyo, hakuna anayeihadithia.

Kunguru wa Kamalondo
Usiniite papa, sijafika huko. Na hesabu gani ilisema Mazembe, timu yetu ya mpira, itaifunga Internacional 2-0 kwenye Kombe la Dunia la klabu kule Abu Dhabi, 2010? Wabrazili wazima! Kipa wetu Kidiaba akaruka na matako dunia nzima ikaona.

Mwana wa Reli
Na kwenye fainali Inter Milan wakawapa 3-0. Hesabu ilichelewa ndege tu, ikafika.

Kunguru wa Kamalondo
Wa Lupopo, timu ya reli, nao wanasema habari za fainali ya dunia? Mliiangalia kwa dirisha la nani?

Mwana wa Reli
La kwako. Pazia chafu.

Etidia wa Poli
Jamani. Mwalimu ameacha kitu. Kuweka tapi wa kwanza si sawa na kuitikia tapi ya mwingine. Ukisukuma wewe wa kwanza, una milango miwili: mwenzako atupe karata, uchukue za katikati bila kuonyesha kitu, ao aitikie, na karata yako itoke. Ukiitikia, umebaki na mlango mmoja. Huyo kijana hakukosea kuzidisha tu, alisahau kwamba mlango wa kwanza umeshafungwa.

Mwana Kenya
Mlango wa kwanza ni wa wazungu. Kwetu mtu akishakunywa bia mbili za Simba, nani anatupa karata? Anataka kuona! Kwa meza ya wasiokimbia, blufu, kujifanya una karata nzuri, ni kutupa pesa mtoni Lubumbashi.

Mzee Mstaafu
Hiyo 46 pia siikubali. Wenzako mezani wameshika kopa nyingine. Utahesabuje karata ambazo haziko tena?

Etidia wa Poli
Mzee wangu, shikamoo. Hujaziona, basi kwako zote ni sawa: ikiwa ndani ya pakiti ao mikononi mwa jirani, huwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo 46.

Mzee Mstaafu
Marahaba. Bado siikubali.

Mama wa Katuba
Mie niwaulize wenye milango. Asi mbili dhidi ya rwa mbili, zile za mfalme, wenye hesabu mnasema ni kama 82 kwa mia. Vizuri. Ile 18 ikitoka, garanti ya nyumba nailipa na nini? Bayeri, mwenye nyumba, anapokea asilimia? Mtu wa kasino anacheza mara elfu, hesabu inamrudia. Mwanangu anacheza mara moja, na pesa ya mwezi mzima.

Mwalimu wa Kampemba
Mama, ndiyo maana kiingilio ni 10,000 FC na hakuna kuongeza kutoka mfukoni.

Mama wa Katuba
Yule wa Jumamosi alikuwa na 40,000 mbele yake.

Mwalimu wa Kampemba
Alikuwa ameshinda zingine. Na ile haikuwa sali, ilikuwa kwa rafiki.

Mwana Kenya
Ngoja kwanza. Mwalimu, karata ya mwisho ilikuwa nini?

Mwalimu wa Kampemba
Haibadilishi hesabu. Uamuzi mbaya ni mbaya hata ukilipwa.

Mwana Kenya
Ilikuwa nini?

Mwalimu wa Kampemba
Saba ya kopa.

Kunguru wa Kamalondo
Ayayaaa! Kidiaba!

Mwana Kenya
Na huyo "mwenzake" aliyeongeza 40,000 alikuwa nani?

Mzee Mstaafu
Mwalimu?

Msafiri wa Nairobi
Mimi sasa siondoki hapa.

Mwalimu wa Kampemba
Swali lilikuwa la sali.