Unga wa protini au chakula cha sokoni kwa wanyanyua vyuma?

ChumaKikuubo: Habari zenu wana jimu. Nina kilo 75 na nanyanyua vyuma jioni nikishafunga duka. Kocha wangu ananisukuma ninunue kopo la whey, yaani unga wa protini ya maziwa. Mama watoto anasema hela hiyo iende kwenye mayai na samaki. Nimsikilize nani?

KochaMbale: Msikilize mama watoto, ssebo, halafu piga hesabu. Mnyanyua vyuma anatosheka na gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwako ni gramu 120. Kopo la gramu 907 lina vipimo kama 30, kila kimoja gramu 24 za protini, jumla 720. Yai moja lina gramu 6 hivi, trei ya mayai 30 inatoa 180. Trei nne zimelifikia kopo zima! Uliza bei ya vyote viwili siku moja. Mimi kila nikiuliza, mayai yanashinda kwa mbali.

DadaSquat_Jinja: Kwa bei sibishani. Lakini mimi ni muuguzi, nikitoka zamu ya usiku sina nguvu ya kuwasha sigiri. Unga nakoroga kwenye maji, nakunywa, nalala. Na whey si kitu cha kubeza: inameng'enywa upesi na ina lusini nyingi, asidi amino inayochochea misuli kujengeka. Kama maziwa yanakuvuruga tumbo, tafuta ile ya isoleti, iliyochujwa zaidi, laktosi yake (sukari ya maziwa) ni kidogo.

KochaMbale: Kweli dada, zamu ni zamu. Ila vijana wasitishwe kwamba usipokunywa papo hapo mazoezi yamepotea. Misuli inaendelea kuipokea protini vizuri kwa saa nyingi baada ya kunyanyua. Tena mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walilinganisha mayai mazima na ute peke yake, protini gramu 18 pande zote, baada ya mazoezi ya uzito. Mayai mazima yalichochea zaidi misuli kujengeka katika saa zilizofuata. Naumia nikiona watu wanamwaga kiini.

Mlishe_Gulu: Mbona hakuna aliyetaja mukene, wale dagaa wa ziwani? Mkavu, gramu 100 zina zaidi ya gramu 50 za protini, na kalisi juu yake. Usage, utie kwenye mchuzi wa binyebwa, yaani wa karanga. Karanga zenyewe chagua, zenye ukungu tupa, sumukuvu si mchezo. Posho na maharage pia vinasaidiana: laisini, asidi amino nyingine, inayopungua kwenye mahindi iko kwenye maharage. Tatizo ni ujazo. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 tu, na vikombe vinane kwa siku hakuna tumbo la kuvibeba halafu likachuchumaa na chuma.

DadaSquat_Jinja: Na anayeshindana awe macho. Kuna unga uliowahi kukutwa na dawa zilizokatazwa michezoni, na adhabu inamwangukia mchezaji hata kama hakujua. Nunua uliopimwa kwa ajili ya wanamichezo, usio na lakiri iliyofunguliwa.

ChumaKikuubo: Asanteni sana. Shida yangu ni mchana, wateja hawaniachi nikae nile.

KochaMbale: Beba mayai manne ya kuchemsha, ni sawa na kipimo kimoja cha unga. Unayala hukohuko dukani. Usiku ngege (sato) au nyama, asubuhi maziwa na katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Jumlisha gramu kwa wiki nzima. Ukiona bado unapungukiwa, hapo ndipo ununue kopo, na uanze na dogo.