Viumbe wenye umbo la figo katika vidimbwi vya juu ya mawe: je, ni paramesiamu wachanga?

Mwalimu wa Nyegezi

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Ninafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Mwanza. Nyuma ya nyumba ninayoishi kuna mawe makubwa ya granaiti yenye mashimo mapana yasiyo na kina, ambayo hujaa maji mvua za vuli zinaponyesha na kukauka baada ya siku chache. Wiki iliyopita nilichota maji hayo pamoja na tope na majani yaliyooza, nikatazama tone moja kwa hadubini kwa ukuzaji wa mara 400. Niliona viumbe wengi wenye umbo la figo, wadogo kuliko paramesiamu, yule kiumbe wa seli moja tunayemchora darasani, wakiogelea huku wakijizungusha. Na wachache wengine, bapa, waliokuwa wakitembea juu ya chembe za uchafu kana kwamba wana miguu. Kilichonitatiza zaidi ni viduara vilivyotulia tuli, ambavyo baadhi yake vilikuwa na vitu vinne ndani. Nilidhani ni mayai ya mdudu fulani, nikavimwaga. Je, hao wenye umbo la figo ni paramesiamu wachanga? Nami nitawaonyeshaje wanafunzi sehemu za miili yao bila kuwapotosha?

Msaidizi wa Maabara, Ilemela

Mwalimu, hao si paramesiamu wachanga. Paramesiamu hugawanyika kwa kukatika kati kwa upana, na kila nusu huwa mzima mwenye umbo lile lile, ambaye hubakiwa na kazi ya kurefuka tu hadi kufikia kimo chake cha mikrometa 170 hadi 290 hivi, kwa yule tunayemkuta vitabuni. Umbo la figo, udogo wa mwili na shimo linalokauka, vyote vinaelekeza kwa Kolpoda, jenasi iliyopewa jina na Otto Friedrich Müller wa Denmark mwaka 1773.

Mtazame anapogeuka ubavu. Pale figo inapobonyea ndipo penye mdomo, nao umezama ndani ya kishimo chenye mafungu mawili ya silia, yaani vinyweleo vidogo vinavyopiga maji, la kulia na la kushoto, yanayosukumia bakteria ndani. Silia za mwilini zimepangwa kwa mistari, na katika kundi hili kwa kawaida huota mbili mbili. Kiini kikubwa, kinachoendesha kazi za kila siku za seli, kiko karibu na katikati, na kile kidogo, kinachotunza urithi, kimekiegemea. Kuviona viini hivyo kunahitaji rangi. Methili ya kijani iliyochanganywa na asidi ya asetiki huvipaka vizuri, ila humuua kiumbe papo hapo. Iodini ya kawaida ya maabara ya shule hutosha kuonyesha silia na mpaka wa mwili.

Hata hivyo, ningekushauri uanze na kilicho hai. Nyuma kabisa ya mwili utaona kilengelenge kinachong'aa, kinachojaa polepole kisha kutoweka ghafla. Hiyo ndiyo vakuoli ya kutoa maji. Maji ya mvua yana chumvi kidogo kuliko seli, kwa hiyo hupenya ndani bila kukoma, na pasipo vakuoli hiyo seli ingevimba hadi kupasuka. Paramesiamu ana vakuoli mbili zenye mifereji iliyotawanyika kama miale. Kolpoda ana moja tu. Wape wanafunzi saa yenye mkono wa sekunde wahesabu mapigo yake, kisha ongeza maji yenye chumvi kidogo mno, nao watayaona mapigo yakipungua. Jambo hilo hilo hutokea juu ya mawe yako jua linapopunguza maji na kuacha chumvi nyuma.

Mzee wa Ziwani, Bukoba

Ninakubaliana na aliyetangulia, lakini jibu kubwa zaidi, Mwalimu, lilikuwa katika vile viduara ulivyovimwaga. Havikuwa mayai. Ni Kolpoda wenyewe ndani ya sisti, yaani ganda ambalo kiumbe hujijengea na kujifungia humo.

Kuna sisti za aina mbili, na tafadhali usiruhusu wanafunzi wazichanganye. Vile vyenye vitu vinne ndani ni sisti za kuzaliana: Kolpoda hujiviringa, hujijengea ukuta mwembamba, hugawanyika humo, mara nyingi kuwa wanne, kisha hutoka. Sisti ya kungojea ina ukuta mnene wenye tabaka kadhaa. Seli iliyo ndani imetoa maji mengi, imesinyaa na kuacha silia zake, na inaweza kukaa katika vumbi kavu kwa miaka bila kufa. Paramesiamu hajulikani kwa uwezo huo, na ndiyo sababu ningeshangaa kumkuta katika shimo linalokauka hadi mwisho.

Wale wenye miguu ni jamaa za Oksitrika na Stilonikia. Miguu yao, iitwayo siri (kwa Kiingereza cirri), ni matita ya silia nyingi zinazopiga kwa pamoja. Upande wa mbele kushoto wana safu ya vibapa vya silia vinavyovuta chakula kuelekea mdomoni, na kiini chao kikubwa kwa kawaida ni vipande viwili. Nao pia hujenga sisti, na hapa ndipo ninapostaajabu kila mara: Kolpoda akiacha silia hubaki na baadhi ya mashina yake, lakini hawa huyeyusha silia pamoja na mashina, kisha maji yakirudi hujenga mpangilio mzima upya.

Kwangua tope kavu la shimo lile na uliache juani siku kadhaa. Ligawe mara mbili: nusu ya kwanza uichemshe ndani ya maji ili kuua kila kilichomo, nusu ya pili uimwagie maji yaliyolowekwa nyasi kavu, kisha yakachemshwa na kupoa. Funika vyombo vyote viwili, kisha utazame baada ya saa chache.

Mwalimu wa Nyegezi

Shikamoo mzee, nami ninakushukuru wewe pia ndugu wa Ilemela. Jana tulifanya kama mlivyoelekeza. Katika tope lililochemshwa hatukuona kitu chochote kinachotembea. Katika lile jingine, saa tano tangu tulipomwagia maji, mwanafunzi mmoja aliniita: ndani ya kiduara kimoja kiumbe alikuwa akizunguka, akitua, akizunguka tena, na vakuoli yake ilikuwa imeanza kupiga hata kabla hajatoka. Tulipokezana lenzi hadi ukuta ulipoachia upande mmoja, akajipenyeza nje akiwa amebanwa katikati, na ukuta ule ukabaki mtupu. Mapigo tutayahesabu Jumatatu.