Mteja amekiri faraghani lakini kizimbani amekana: wakili wa utetezi afanye nini?

Mwanafunzi wa Joho:

Habari za kazi wakuu. Nahitaji ushauri wa watu wanaoijua kazi ya utetezi. Wenye hasira na wahalifu naomba wanivumilie kidogo.

Chukulia wakili kijana amepangiwa na mahakama kesi ya unyang'anyi kwa sababu mshtakiwa hana uwezo wa kuweka wakili. Shtaka limeshasomwa na mshtakiwa amekana. Wakiwa wawili tu, anamwambia wakili, "Mimi nilikuwepo." Hataki kubadili jibu lake mahakamani. Upande wa mashtaka una shahidi mmoja aliyemwona usiku, simu iliyokamatwa, na maelezo ya onyo (maelezo ya mshtakiwa mwenyewe yaliyoandikwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake).

Wakili huyo ajitoe au aendelee? Akiendelea, asivuke mstari upi? Na watu wa nyumbani wanaosema anawalea majambazi awajibu nini?

Karani wa Zamani:

Kabla ya yote, mdogo wangu: hata ukiandika "chukulia", ukishaweka aina ya kosa, idadi ya mashahidi na maneno ya mteja kama alivyoyasema, mtu wa upande wa pili akipita hapa anaunganisha. Kama kuna kesi halisi nyuma ya huu uzi, ufute, kisha peleka swali kwa wakili mwandamizi au kamati ya maadili ya chama chenu bila kumtaja mteja. Kama ni zoezi la darasani, tuendelee.

Mwanafunzi wa Joho:

Ni zoezi, mzee wangu. Shukrani kwa tahadhari.

Dodoso:

Basi tuanze na hayo maneno yenyewe. "Nilikuwepo" si kukiri kosa. Unyang'anyi una viungo vyake: mali ichukuliwe, nguvu au vitisho vitumike, na vitumike ili kuipata mali hiyo au kubaki nayo. Kuwepo peke yake hakuthibitishi hata kimoja. Aliyekuwepo anaweza kuwa mpita njia, anaweza kuwa mlinzi wa njia aliyejua kila kitu, anaweza kuwa aliletewa simu baadaye, na hilo ni kosa jingine lenye adhabu nyingine.

Wakili mzuri anasoma hati ya mashtaka na maelezo ya mashahidi kwanza, ndipo anamsikiliza mteja. Na kabla mteja hajafungua mdomo, anamweleza nini kitabaki siri na nini hakiwezi kubaki siri (mpango wa kumdhuru mtu kesho, kwa mfano, nchi nyingi hazimfungi wakili kuuficha). Halafu maswali yawe wazi: ulikuwa wapi, na nani, ulijua nini kabla, mikono yako ilifanya nini, uliondoka na nini. Ukimuuliza "ulifanya au hukufanya?" unapata jibu la neno moja ambalo halikusaidii na linakufunga.

Usisahau pia kwamba watu hukiri wasichofanya. Kuna anayemfunika mdogo wake, kuna anayeogopa wenzake waliobaki nje kuliko anavyoogopa jela, kuna mgonjwa wa akili anayekubali kila anachoulizwa. Wakili aliyerukia hitimisho siku ya kwanza hayaoni haya.

Baada ya hapo, mweleze njia zake bila kumsukuma. Kukiri mapema kuna faida: Uingereza, kwa mfano, anayekiri kwenye nafasi ya kwanza kabisa anaweza kupunguziwa hadi theluthi moja ya adhabu. Punguzo hilo hupungua kadiri kesi inavyosonga. Mwandikie ushauri huo, mkaupitie pamoja kwa lugha anayoielewa, aweke saini au dole gumba. Faili lisilo na karatasi hiyo ndilo hukutesa mteja anapobadilisha wakili na kudai hakuambiwa.

Lakini uamuzi wa kukiri au kukana ni wake. Hali kadhalika wa kutoa ushahidi au kunyamaza, na wa kukata rufaa. Wakili anaamua shahidi gani aulizwe nini na pingamizi gani liwekwe. Marekani mwaka 2018, katika shauri la McCoy dhidi ya Louisiana, wakili aliwaambia wazee wa baraza (raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) kwamba mteja wake aliua, akitumaini kumwokoa na hukumu ya kifo, huku mteja akipinga waziwazi. Mahakama ya Juu ya nchi ikaamuru kesi isikilizwe upya.

Upande wa Aliyeibiwa:

Nimesoma yote. Swali langu ni rahisi: aliyewekewa panga shingoni nani anamwandikia ushauri akauweka saini? Mtu amesema alikuwepo, na bado serikali inamlipia mtaalamu wa kutafuta matundu. Mimi naona haki ya wakili iishie kwa mtu asiyejulikana kama ana hatia. Huyu anajulikana.

Meza ya Mashtaka:

Ndugu, nakujibu kutoka upande wa mashtaka, sio wa utetezi. Anajulikana na nani? Mahakama haijui, wakili ndiye anayejua, na anajua kwa sababu mteja aliahidiwa siri. Ukiiondoa siri, hakuna atakayemwambia wakili wake chochote, na mawakili watatetea gizani, wenye hatia na wasio na hatia kwa pamoja.

Jambo la pili ni la faida yako mwenyewe. Hukumu iliyopatikana bila mtetezi hukaa vibaya kwenye rufaa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, mwaka 2015 ilitoa hukumu katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania. Huyo alikuwa anatumikia miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na hakuwa amepewa wakili. Mahakama iliona haki yake imevunjwa, ikisoma ibara ya 7 ya Mkataba wa Afrika pamoja na ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, inayotaka asiye na uwezo apewe wakili bila malipo pale maslahi ya haki yanapohitaji. Kesi kama hiyo ikirudi nyuma miaka kumi baadaye, mashahidi wamehama, wengine wamekufa, na aliyeibiwa ndiye anayeitwa tena kusimulia upya.

Pale unaposema aliyeibiwa hana mtu, nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Mwendesha mashtaka ni wa serikali, si wakili wake binafsi, na wengi hawaambiwi hata tarehe kesi ilipoahirishwa. Dai hilo: taarifa ya tarehe, mkalimani, fidia iombwe wakati wa adhabu. Hakuna hata moja linalopatikana kwa kumnyang'anya mshtakiwa wakili.

Upande wa Aliyeibiwa:

La fidia nimelipokea. La siri bado linanikaa vibaya, lakini endeleeni.

Joho Jeusi:

Mwanafunzi, kuhusu mstari: suala hili ni la zamani. London, 1840, mtumishi wa ndani François Courvoisier alishtakiwa kwa kumuua bwana wake, Lord William Russell. Kesi ikiwa katikati, akamwambia wakili wake Charles Phillips kwamba ni yeye aliyeua, na akataka aendelee kumtetea. Phillips alimwendea Jaji Parke, aliyekuwa ameketi kwenye kesi hiyohiyo, akaambiwa aendelee na atumie hoja zote halali zinazotokana na ushahidi. Courvoisier alinyongwa, lakini Phillips alilaumiwa kwa miaka mingi, kwa mambo mawili: kumpelekea jaji wa kesi siri ya mteja, na kusemekana kuwaelekezea shaka watumishi wengine wakati anajua hawahusiki.

Mpaka leo mstari unapita hapo. Akiendelea, wakili anaruhusiwa kuupima ushahidi wa mashtaka, kupinga kielelezo kisichofuata utaratibu, kuomba mahakama ione kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu, na kuhitimisha kwa kusema mashtaka hayajathibitishwa pasipo shaka ya msingi. Haruhusiwi kuleta shahidi wa kusema mteja alikuwa mahali pengine. Haruhusiwi kudokeza kwamba jirani ndiye aliyeiba. Na asiseme "naamini mteja wangu hana hatia". Imani ya wakili hata kwenye kesi safi si ushahidi.

Tofauti inaonekana vizuri kwenye maswali ya dodoso, yale wakili anayomuuliza shahidi wa upande wa pili. Hili ni halali: "Taa uliyoisema ilikuwa upande gani wa mlango, nawe ulikuwa umesimama wapi?" Hili si halali: "Nakwambia usiku ule mshtakiwa alikuwa kwake amelala, kweli au si kweli?" La kwanza linapima macho ya shahidi. La pili linaingiza hadithi ambayo wakili anajua ni ya uongo.

Mwanafunzi wa Joho:

Nimeelewa, mkuu. Je, mteja aking'ang'ania kupanda kizimbani aape kwamba hakuwepo?

Joho Jeusi:

Mwambie mapema, tena zaidi ya mara moja, kwamba hutamwongoza kwenye ushahidi huo. Mkumbushe kwamba ana haki ya kunyamaza na kwamba kesi inaweza kuanguka bila yeye kusema neno. Asipokubali, omba kujitoa. Fanya hivyo mbali na siku ya kusikilizwa, ili mwenzako apate muda wa kusoma faili. Sababu utakayoipa mahakama ni "sababu za kitaaluma" basi; usiongeze koma. Ombi likikataliwa, fuata kanuni za nchi yako neno kwa neno, maana hapo nchi zinatofautiana: kwingine wakili humwacha mteja asimulie mwenyewe bila kuulizwa maswali, kisha kwenye hoja za mwisho haitumii simulizi hiyo.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1986, katika Nix dhidi ya Whiteside, kwamba wakili anayekataa kusaidia ushahidi wa uongo hajamnyima mteja haki ya kutetewa.

Dodoso:

Tuje kwenye ushahidi wenyewe, maana hapa ndipo kesi hushinda au kufa, na watu wengi wanapita harakaharaka.

Shahidi wa usiku. Tangu uamuzi wa Turnbull, Uingereza 1976, majaji hutakiwa kuwaonya wazee wa baraza kuhusu utambuzi, kwa sababu shahidi mkweli kabisa anaweza kukosea akiwa na uhakika wa asilimia mia. Uliza alimwona kwa muda gani, umbali gani, mwanga wa aina gani na ukali wake, kama kulikuwa na kitu katikati, kama alimfahamu kabla, na muda gani ulipita hadi alipomtaja polisi. Chukua maelezo yake ya kwanza kabisa, yale ya usiku uleule. Kama hakutaja jina wala kovu wala nguo siku hiyo, na leo anaeleza hadi kovu, tofauti hiyo ina uzito kuliko kelele zozote utakazompigia. Kama palikuwa na gwaride la utambulisho (mshukiwa hupangwa mstarini na watu wengine ili shahidi amtambue), omba fomu yake: washiriki walifanana kiasi gani, na je, shahidi aliwahi kuonyeshwa picha kabla? Akishaonyeshwa picha, gwarideni anaitambua picha.

Kosa la vijana ni kuuliza swali moja zaidi. Shahidi akishakubali kulikuwa na giza, kaa chini. Usimuulize "sasa ulimtambuaje?" Atakwambia, "Kwa sauti, ni jirani yangu miaka kumi."

Simu. Fuata safari yake kwa karatasi: hati ya ukamataji, nani aliisaini, saa ngapi, namba ya utambulisho ya simu ni ipi, lakiri ina namba gani, chumba cha vielelezo kiliipokea lini na nani aliitoa. Tarakimu moja ikitofautiana kati ya hati na kielelezo, pingamizi liwekwe pale shahidi anapoomba ipokelewe. Wengi wanalitunza hadi hoja za mwisho, kielelezo kikiwa kimeshapokewa na kupewa namba.

Maelezo ya onyo. Hapa linganisha saa zilizoandikwa kwenye karatasi mbili: kitabu cha mahabusu kinasema aliingia lini, maelezo yanasema yaliandikwa lini. Angalia kama muda wa kumhoji ulipita, kama aliambiwa haki yake ya wakili, kama lugha iliyoandikwa ndiyo anayoizungumza. Akidai alipigwa, dai litolewe kabla maelezo hayajapokelewa, ili mahakama isikilize shauri dogo ndani ya shauri na kuamua kama yalitolewa kwa hiari. Lakini kwa huyu mteja wetu jihadhari: pinga namna yalivyopatikana kama kweli aliteswa. Huwezi kumtungia mateso.

Bi. Daftari:

Naongeza la watu wa nyumbani, maana limerukwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu Kazi ya Mawakili, zilizopitishwa Havana 1990, zinasema wakili asihesabiwe kuwa sawa na mteja wake kwa sababu ya kumtetea. Hiyo ni ya kuwajibu wanaharakati. Shangazi mwambie tu kwamba mahakama ndiyo iliyompanga, na kazi yake ni kuhakikisha serikali inathibitisha ilichodai. Akiuliza "kwani amefanya au hajafanya?", jibu ni moja kwa kesi zote, ya huyu na ya asiye na hatia: "Hayo siyazungumzi." Wakili anayejibu "hajafanya" kwa wateja wengine na kunyamaza kwa mmoja, ameshamfichua huyo mmoja.

Mwanafunzi wa Joho:

La mwisho wakuu: je, mteja akimwambia panga liko wapi, au ndugu zake wakilileta ofisini?

Karani wa Zamani:

Akikwambia liko wapi, umesikia, basi. Usiende kulihamisha, usimtume mtu akalifiche, usimshauri mteja alitupe. Marekani mwaka 1973 mawakili wawili wa Robert Garrow, aliyeshtakiwa kwa mauaji, waliambiwa miili ya waliouawa iko wapi, wakaenda kuiona na wakanyamaza kwa miezi. Umma uliwachukia, na mmoja wao alishtakiwa kwa kunyamaza huko, lakini shtaka lilitupwa kwa sababu ya siri ya mteja.

Likiletwa mezani ni suala jingine. Katika shauri la Olwell, jimbo la Washington, 1964, mahakama ilisema wakili hawezi kuwa ghala la kisu cha mteja: akae nacho kwa muda wa kutosha kuandaa utetezi tu, kisha akikabidhi kwa mashtaka, na mashtaka wasitaje mbele ya wazee wa baraza kwamba kimetoka kwake. Kwa hiyo ndugu wakija na mfuko, usiupokee. Wazuie mlangoni, usiufungue, mpigie wakili mwandamizi kabla hawajaondoka.