Nyuso zinakuwa giza na mawaridi yanakuwa doa jekundu: naomba ushauri wa picha za uani

Binti Tanga
Habari zenu ndugu wanajukwaa. Mama yangu ana bustani ndogo uani kwake hapa Tanga, yenye mawaridi mekundu na kichaka cha asumini, na kila alasiri huketi mkekani na wajukuu wake wakatunga makoja kwa matumba ambayo hayajafunguka. Ningependa kupata picha za shughuli hiyo kabla shule hazijafunguliwa, lakini simu yangu inanishinda kwa mambo mawili. Ukuta ulio nyuma yao umepakwa chokaa na wavulana huvaa kanzu nyeupe, hivyo nguo na ukuta hutoka vizuri ilhali nyuso huwa giza hata macho hayaonekani. Nikisogea kulipiga waridi peke yake, napata doa jekundu lisilo na mikunjo wala kingo za petali. Je, ninunue kamera?

Fundi Picha Mombasa
Dada, usinunue kitu kwanza. Kamera yoyote, iwe ya simu au ya studio, hupima mwanga kwa kudhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vinatoa kijivu cha wastani. Ikikutana na chokaa na kanzu huona mwanga umezidi, ikaipunguzia mwanga picha nzima, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi aliyeketi kivulini. Gusa uso wa mama kwenye kioo cha simu, alama ya jua dogo ikitokea uivute juu taratibu mpaka mashavu yaonekane. Kanzu ikipoteza mikunjo yake, iache ipotee. Hakuna atakayeifungua picha hiyo baada ya miaka 20 ili atazame kanzu. Katika simu nyingi, ukishikilia kidole pale pale kipimo hufungwa, usilazimike kupima upya kila mtoto anapojisogeza.

Lililo bora zaidi ni kugeuza mkeka ili ukuta uwe mgongoni mwako wewe mpigaji, maana chokaa hiyo hiyo itawarudishia mwanga usoni. Nasema hivyo kwa ukuta mweupe tu, kwa kuwa ukuta wa kijani huwatia watu ukijani mashavuni.

Mpenda Mawaridi
Ua jekundu lina kisa chake. Kihisio cha kamera kimegawanywa katika vijisehemu vidogo mno, nusu yake vikipokea kijani, robo nyekundu na robo bluu. Waridi hujaza vile vya nyekundu mpaka vikafurika huku vingine vikiwa karibu vitupu, na kwa kuwa kamera huchukua wastani, yenyewe huona mambo ni shwari. Tofauti kati ya petali moja na nyingine ikishapotea hivyo, hakuna programu itakayoirudisha. Kwa hiyo kwenye waridi fanya kinyume cha ulivyoelekezwa kwa uso: jua dogo livute chini.

Vilevile usilisogelee ua mno, kwani lenzi kuu ya simu nyingi haiwezi kulenga kitu kilicho karibu sana. Rudi nyuma kidogo, ukuze mara 2. Piga asubuhi mapema, kabla upepo wa baharini haujaanza kuyatikisa matawi, tena mwanga ukitoka ubavuni mwa ua, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaochora mikunjo.

Msomaji wa Kawaida
Mimi ningewasha taa ya simu tu, nyuso zikaonekana.

Fundi Picha Mombasa
Ndugu yangu, taa ya simu haifui dafu mbele ya ukuta unaopigwa na jua, na pale inapofika hung'arisha jasho la paji la uso.

Mama Wawili
Naongeza la saa. Asumini hufunguka usiku, ndiyo maana matumba huchumwa alasiri, kwa hiyo mama amekwisha kukuchagulia wakati. Kuanzia saa kumi na moja jua huwa limeinama na mwanga ni laini, ila pwani yetu iko karibu na ikweta: jua likishazama, giza huingia kabla ya nusu saa kupita. Usiwaite watazame simu. Ukiwaita, utapata safu ya watoto waliokakamaa; ngoja mama ainamishe kichwa kupitisha uzi katika tundu la sindano, kisha piga mfululizo. Na mwulize kwanza kama angependa kujitanda mtandio. Ukiwatumia ndugu picha kwa WhatsApp, zitume kama hati, la sivyo hupunguzwa ukubwa na hazitafaa kusafishwa kubwa.

Binti Tanga
Nawashukuru sana. Mkeka nitaugeuza. Imebaki koja lenyewe, ambalo mama hulilaza juu ya mtandio mweusi: hapo nivute juu au chini?

Fundi Picha Mombasa
Chini. Mtandio mweusi ukijaa kwenye picha, kamera hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga, na asumini ikaungua ikawa nyeupe tupu. Gusa tumba moja, uvute chini mpaka uone kivuli kidogo kati yake na tumba la pili.